Damu shingoni mwa albatrosi: kisa cha wajitoleaji wa msimu wa Midway

Desemba 2015, katika Kisiwa cha Sand, kikubwa kuliko vyote vya Midway, visiwa vidogo vya Marekani katikati ya Bahari ya Pasifiki, safu ya watu ilikuwa ikitembea polepole kwenye nyasi. Mkononi walikuwa na vihesabio vidogo, vile unavyobonyeza kwa kidole gumba na namba ikaruka. Kazi yao ilikuwa kuhesabu viota vya albatrosi, ndege mkubwa wa baharini, kimoja baada ya kingine, kisiwa kizima. Katika kuhesabu huko wakaanza kukuta ndege wenye damu. Damu shingoni, damu mgongoni, damu kichwani, na ndege mwenyewe bado ameketi juu ya yai lake, hainuki. Wengine walikutwa wamekufa.

Wengi wa waliokuwa kwenye safu ile hawakuwa waajiriwa wa kudumu wa hifadhi ya wanyamapori ya Midway. Walikuwa watu wa kujitolea, waliokuja kwa msimu na kuondoka. Katika hifadhi za wanyamapori za Marekani watu wa namna hii ni wengi: wanafunzi wa vyuo, wahitimu wanaotafuta kazi ya kwanza, walimu waliostaafu, wapenda ndege. Kwenye karatasi huonekana kama mikono ya ziada. Kisa cha Midway kinaonyesha kitu kingine, na ndiyo sababu nakieleza kwa kirefu: yule mgeni wa miezi michache ndiye anayekanyaga ardhi kila siku, na mara nyingi ndiye jicho la kwanza. Swali ni kama jicho hilo limefundishwa kutazama, na kama lina mtu wa kumwambia lilichokiona.

Midway iko takriban kilomita 2,100 kaskazini-magharibi mwa Honolulu, mji mkuu wa Hawaii. Ukikusanya visiwa vyake vyote, Sand, Eastern na kile kidogo cha Spit, hupati kilomita za mraba 7. Wahawaii wana jina lao kwa mahali hapa, Pihemanu, jina linalobeba makelele ya ndege, na anayefika kati ya Novemba na Juni hana haja ya kuelezwa kwa nini. Mwaka 1903 kampuni ya kebo ya mawasiliano ya chini ya bahari iliweka kituo hapo na kuleta udongo kwa meli ili miti na mboga viote kwenye mchanga. Mwaka 1935 ndege za abiria za kampuni ya Pan American zikaanza kutua zikielekea Asia. Juni 1942 Marekani na Japani zilipigana hapo vita ambavyo jina lake limekuwa kubwa kuliko kisiwa chenyewe. Jeshi la wanamaji la Marekani lilifunga kambi yake mwaka 1993, na mwaka 1996 eneo lote likakabidhiwa kwa idara inayosimamia samaki na wanyamapori, ambayo tayari ilikuwa na hifadhi pale tangu 1988.

Kila aliyepita aliacha kitu. Udongo, miti, magugu, rangi yenye madini ya risasi kwenye kuta za nyumba za zamani, na panya.

Hapa Kiswahili chetu kinatulazimisha tuwe waangalifu, maana sisi wote hao tunawaita panya tu. Midway ilipata panya wa aina mbili. Kuna panya mweusi, yule mkubwa wa kwenye mabohari na melini, aliyeingia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Huyo alifanya maangamizi ya haraka. Kulikuwa na ndege mdogo asiyeweza kuruka, wa asili ya Kisiwa cha Laysan, kingine katika safu ya visiwa vya Hawaii, ambaye kwao alikuwa ameshakwisha. Kundi lake la mwisho duniani lilikuwa limebaki Midway. Panya walifika mwaka 1943, na ndege yule akaonekana mara ya mwisho mwaka 1944. Mwaka mmoja ulitosha. Katikati ya miaka ya 1990 panya weusi wakaangamizwa kabisa, na ndege wanaotaga kwenye mashimo wakaanza kurudi kwa wingi. Lakini kuna panya wa pili, yule mdogo wa majumbani, wa gramu 20 hivi, anayepita kwenye upenyo wa kidole. Huyo alibaki. Watu waliishi naye miongo mingi wakimwona kama kero ya jikoni.

Ndiyo maana damu ile ya Desemba 2015 ilikuwa fumbo. Albatrosi wa Laysan ana uzito wa kilo mbili na nusu hadi tatu, na mabawa yake yakitandazwa hufika mita mbili. Ni nani humtafuna ndege wa namna hiyo akiwa hai, kwenye kiota chake? Kama panya weusi wamerudi, kazi yote ya miaka ya 1990 imeharibika. Wasimamizi walifanya jambo la busara: waliweka kamera za usiku kando ya viota. Picha zilionyesha panya wadogo wa majumbani wakipanda mgongoni mwa ndege na kula.

Tunasema panya hung'ata huku akipuliza, na sisi tunamsema mtu mnafiki. Kule Midway msemo ule ni maelezo ya kilichokuwa kikitokea. Ndege haamki kupigana. Albatrosi hawa wamekua katika visiwa ambavyo havikuwahi kuwa na mnyama wa nchi kavu wa kuwawinda. Miili yao haina somo la kumkimbia adui anayekuja kwa miguu usiku. Somo walilonalo ni moja tu: yai halitelekezwi. Wazazi hupokezana kuatamia kwa siku kama 65, mmoja baharini akitafuta chakula, mwingine juu ya yai akifunga. Kwa hiyo ndege anakaa. Panya anakula usiku wa kwanza, anarudi usiku wa pili, wanakuja wengine. Kidonda kinapanuka na kuoza. Ndege ama anafia pale pale, ama anazidiwa na kuondoka, na yai linapoa.

Kwa wanaouliza kwa nini vifo vya ndege mia mbili au tatu viwe habari kubwa mahali penye viota mamia ya maelfu, jibu liko katika maisha ya ndege huyu. Jike hutaga yai moja tu kwa msimu, na likipotea hatagi jingine mpaka mwaka unaofuata au zaidi. Huanza kuzaa akiwa na miaka minane au tisa hivi. Mwenzi wake akifa, anayebaki hukaa muda mrefu kabla ya kupata mwingine, kwa sababu ndoa yao hujengwa kwa kucheza pamoja msimu baada ya msimu. Kwa hiyo kumpoteza mzazi mmoja mzima ni kupoteza mayai ya miaka mingi ijayo. Ndege wa namna hii anaweza kustahimili kupoteza kifaranga. Mwaka 2011 tsunami iliyotoka Japani ilifagia vifaranga zaidi ya laki moja pale Midway, na koloni likasimama tena, kwa sababu wazazi wengi walikuwa hai. Panya walikuwa wakila upande wa pili wa hesabu, ule usiofidika haraka.

Sasa turudi kwa watu.

Midway ina wageni wa aina mbili wa kujitolea. Kuna wanaokuja majuma machache tu ya Desemba na Januari kwa ajili ya ile hesabu kubwa ya viota. Na kuna wanaokaa msimu mzima, karibu miezi sita, wakiwa sehemu ya kikosi cha wataalamu wa ndege. Wote hufika kwa ndege inayotua usiku, kwa sababu katika msimu wa albatrosi mchana anga imejaa mabawa na kutua ni hatari kwa wote wawili, abiria na ndege. Unashuka gizani, unasikia kelele, unanusa harufu, na asubuhi ndipo unapoona umelala katikati ya mji wa ndege. Kisiwani huwa na watu wachache tu, makumi kadhaa, na wengi wa mafundi na wapishi wanatoka Thailand, kwa hiyo wali na pilipili havikosekani. Watu huzunguka kwa baiskeli. Ndege wanaotembea barabarani ndio wenye haki ya kupita kwanza.

Kazi ya msimu mzima si ya kimapenzi kama inavyoonekana kwenye picha. Sehemu kubwa ni kupambana na magugu, hasa lile gugu la jamii ya alizeti lenye maua ya manjano, lililokuwa limeota vichaka vizito kiasi kwamba ndege wanakosa pa kujenga kiota na vifaranga wananaswa humo. Linang'olewa, linapuliziwa dawa, unarudi baada ya majuma kadhaa, limeota tena, unaanza upya. Kazi nyingine ni bata wa Laysan, mmoja wa bata adimu kuliko wote duniani. Mwaka 2004 na 2005 bata 42 walihamishwa kutoka Laysan kuja Midway ili spishi isitegemee kisiwa kimoja. Walizaliana vizuri, kisha mwaka 2008 wakapigwa na ugonjwa wa botulizimu. Ugonjwa huu unafanya kazi hivi: bata anakufa, mafunza yanaingia kwenye mzoga na kujaa sumu ya bakteria bila yenyewe kudhurika, bata mwingine anakula mafunza, naye anakufa, na mzunguko unaendelea. Dawa pekee ya kweli ni kuondoa mizoga kabla mafunza hayajakomaa. Maana yake mtu lazima azunguke kila dimbwi, kila siku, mvua au jua, akitafuta bata aliyekufa. Siku nyingi hakuna. Unaandika sufuri kwenye karatasi na kesho unarudi.

Nadhani hiyo sufuri ndiyo kiini cha kazi ya msimu, na vijana wengi hawaambiwi. Wanaomba nafasi wakiota kumshika kasa na kuvisha ndege pete miguuni. Wanakuta wanaandika sufuri. Lakini sufuri ya siku 90 mfululizo ndiyo inayofanya mzoga wa siku ya 91 uonekane siku ile ile.

Hesabu ya Desemba ni hivyo hivyo. Msimu wa 2014–15 ulikuwa wa kuvunja rekodi: viota vya albatrosi wa Laysan zaidi ya 660,000, pamoja na vile vya albatrosi wa miguu myeusi zaidi ya 28,000. Kuna anayeweza kuuliza kwa nini watu wapoteze majuma wakitembea kiota kwa kiota, wakati sampuli ya maeneo machache na hesabu nzuri ya takwimu ingetoa makadirio yanayokaribiana. Swali ni la haki. Lakini mwaka uliofuata jibu lilitembea lenyewe. Majeraha yalianza katika sehemu chache tu za kisiwa. Sampuli ingeweza kuzikosa zote. Picha ya kutoka angani ingemwonyesha ndege ameketi kwenye kiota, na kumhesabu kuwa yuko salama. Kilichogundua damu ni utaratibu unaomlazimisha mtu asimame mbele ya kila ndege. Walitumwa kuhesabu, wakaona jambo ambalo hakuna aliyewatuma kuliona, na hawakulipita.

Hilo la kutolipita si dogo. Mtu wa msimu ana kila sababu ya kunyamaza. Ni mgeni. Hajui kama ndege mwenye damu ni jambo la kawaida mahali pale. Ana eneo la kumaliza kabla ya jua kuzama na wenzake kwenye safu wanamsubiri. Akisema na ikawa si kitu, ataonekana mshamba. Katika hifadhi ambazo mkubwa huwakatisha wageni maneno, ndege yule angehesabiwa kama kiota kimoja hai na safu ingesonga mbele. Midway, taarifa zilipokewa, kamera zikawekwa, na jibu likapatikana ndani ya msimu ule ule. Hapo sifa zinawaendea pande zote mbili.

Msimu wa pili ulithibitisha kwamba haikuwa ajali ya mwaka mmoja. Katika msimu wa 2016–17 mashambulizi yalienea, na hesabu ikafika ndege wazima 242 waliokufa na viota 994 vilivyotelekezwa. Hifadhi ikaanza mitego na chambo cha sumu katika maeneo yaliyoathirika, na mashambulizi yakapungua pale palipodhibitiwa. Lakini kudhibiti panya kisiwani ni kama kuchota maji ya mtumbwi unaovuja. Ukipumzika tu, yanarudi. Panya mdogo huzaa mara kadhaa kwa mwaka. Ukiua tisa kati ya kumi, yule wa kumi anajikuta na chakula tele na nafasi tele.

Kwa hiyo uamuzi ukawa kuwaondoa wote. Mpango uliandaliwa pamoja na shirika la Island Conservation, ambalo kazi yake ni kuondoa wanyama wavamizi visiwani. Ilipangwa 2020, UVIKO-19 ukaahirisha mpaka Julai 2023. Mwezi Julai ulichaguliwa kwa sababu albatrosi karibu wote wanakuwa wameshaondoka kwenda baharini. Chambo kilimwagwa kwa helikopta na kwa mikono, kikawekwa hata ndani ya majengo, na bata wa Laysan wakakamatwa na kutengwa ili wasikile. Ilikuwa kazi ya kijeshi kwa mpangilio wake. Kabla mwaka haujaisha, panya hai wakaonekana tena.

Inauma kusoma hivyo, na ilipaswa kuuma zaidi kwa waliokuwa pale. Lakini nakataa kukiita kisa hiki cha aibu. Kuondoa panya wadogo kisiwani ni kazi isiyokubali asilimia 99. Akibaki jike mmoja mwenye mimba chini ya sakafu ya jengo kuukuu, umerudi mwanzo. Katika kisiwa cha Gough, kusini mwa Atlantiki, ambako panya wa aina hii hii wamekuwa wakila vifaranga wa albatrosi kwa miaka, chambo kilimwagwa mwaka 2021 na kabla mwaka kwisha kamera ikamnasa panya. Wakati huo huo, katika visiwa vya Antipodes vya New Zealand, kazi kama hiyo iliyofanywa 2016 ilifaulu na mwaka 2018 ikatangazwa rasmi kwamba panya wamekwisha. Kwa hiyo inawezekana. Midway ina ugumu wake: majengo, mabomba, maghala, watu wanaokula kila siku. Kisiwa kisicho na jikoni ni rahisi kusafisha kuliko chenye jikoni.

Na hapa ndipo ninapoona udhaifu wa mfumo wa msimu, ambao wanaousifu huwa hawautaji. Mapambano ya panya Midway yameshachukua miaka karibu kumi. Mjitoleaji anakaa majuma au miezi sita. Aliyeona damu ya kwanza si lazima awe alikuwapo kumwaga chambo. Aliyemwaga chambo si lazima awepo kumwona panya aliyebaki. Kila ndege inayotua usiku huleta watu wanaoanza sufuri: hawajui njia, hawajui alama, hawajui kwamba kidonda kidogo nyuma ya shingo, chini ya manyoya, ndicho cha kutafuta. Anayejua anaondoka na ndege ile ile inayomleta asiyejua.

Kinachoziba pengo hilo ni maandishi, na Midway ina mfano wa maandishi ambao sijaona unaoushinda. Mwaka 1956 mtaalamu wa ndege Chandler Robbins alivisha pete albatrosi wengi pale kisiwani, mmoja wao jike lililokuwa likiatamia. Akaandika namba daftarini. Mwaka 2002 Robbins huyo huyo alirudi, akavisha pete mpya ndege kadhaa, na baadaye alipofuatilia namba za pete kuukuu akagundua kwamba mmoja wao ni yule wa 1956. Amepewa jina la Wisdom. Pete zake zimechakaa na kubadilishwa mara nyingi, na kila anayebadilisha huandika ya zamani na mpya kwenye mstari mmoja. Mwishoni mwa 2024 alionekana tena, akataga yai, akiwa na umri unaokadiriwa kuwa miaka 74. Tangu 1956 watu wasiohesabika wamepita kisiwani, wanajeshi, wataalamu, wanafunzi, na karibu wote hawakuonana. Ndege yule anajulikana kwa sababu hakuna hata mmoja kati ya walioshika pete yake aliyekuwa mvivu wa kuandika.

Ndiyo maana nasema mtu wa msimu asipimwe kwa alichofanya siku alipokuwapo tu. Apimwe kwa alichomwachia anayekuja. Je, ramani ya vichaka vya gugu inaonyesha vile alivyong'oa mwenyewe? Je, aliandika mahali penye ndege wenye vidonda kwa namna ambayo mgeni anaweza kuvikuta kesho bila kuuliza? Je, karatasi zake za sufuri zipo zote, au aliona hazina maana akaacha siku tatu? Hifadhi nayo ipimwe kwa siku za makabidhiano: wanaoondoka na wanaofika wanakutana kwa muda gani, na ni nani anayelipia siku hizo.

Swali la malipo haliwezi kuachwa. Kazi ya kujitolea haina mshahara. Unapata kitanda, jikoni na uzoefu ambao hakuna chuo kinachoweza kuutoa. Hifadhi nyingine za Marekani huwapa wanagenzi posho ndogo na nyumba. Desturi ya kulipa kidogo ni ya zamani kama hifadhi zenyewe: hifadhi ya kwanza ya shirikisho, Pelican Island huko Florida, ilitangazwa na Rais Theodore Roosevelt tarehe 14 Machi 1903, na mlinzi wake wa kwanza, Paul Kroegel, alipokea dola 1 kwa mwezi. Watu husimulia habari hiyo kwa fahari. Mimi naisoma kwa huzuni kidogo. Kijana ambaye wazazi wake wanaweza kumlipia kodi ya nyumba kwa miezi sita ataenda Midway, na atarudi na barua ya sifa inayomfungulia mlango wa kazi ya kudumu. Mwenzake mwenye akili ile ile, anayelazimika kutuma pesa nyumbani kila mwezi, hataomba hata nafasi. Hifadhi inapoteza jicho lake, na haitajua kamwe ilichopoteza.

Wasomaji wa kwetu wanaijua hali hii kwa jina jingine. Mwanafunzi wa wanyamapori wa vyuo vya Tanzania kama Mweka, Pasiansi au SUA anapokwenda fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, kama mwenzake wa Kenya anavyokwenda kwenye atachimenti, huanza na nauli ya kukopa na barua ya utambulisho. Akibahatika anapangwa na askari wa doria anayependa kufundisha. Asipobahatika anakaa getini akiandika namba za magari, daftari lake linajazwa juma la mwisho kwa kukisia, na msimamizi anatia saini. Kisa cha Midway kingeweza kusomwa darasani kabla hawajaondoka. Na wanaotoka pwani hawahitaji kufundishwa mnyama mvamizi ni nini: kunguru wa India aliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili ale taka, na leo ukiuliza ndege wadogo wa bustanini wamekwenda wapi, mtoto wa Dar es Salaam anakuonyesha juu ya mnazi.

Kama ningepewa nafasi ya kubadili jambo moja katika mafunzo ya msimu, pale au hapa, ningebadili siku ya kwanza. Kwa kawaida mgeni anapokewa kwa kanuni: usiguse hiki, usipite pale, ripoti saa ngapi. Kanuni zinahitajika. Lakini hazimwambii mtu kwamba macho yake yanategemewa. Ningeanza na swali ambalo kila jioni lazima lijibiwe kwenye karatasi, hata kama jibu ni "hakuna": leo umeona nini ambacho hukutumwa kukitazama? Na ningehakikisha kuna mtu mmoja, mwenye jina na kiti mezani, ambaye kazi yake ni kusoma majibu hayo kabla ya kulala.

Kila Novemba albatrosi hurudi Midway na kutaga, na panya bado wapo. Ndege ya usiku itatua, vijana wapya watashuka na mabegi yao kwenye kelele ile. Ningekuwa mimi ndiye ninayewapokea, asubuhi ningewapeleka kwanza kwa ndege mmoja mwenye kovu shingoni, tuchuchumae hatua chache pembeni yake, tumtazame mpaka kila mmoja awe amelijua kovu lile linavyokaa chini ya manyoya. Baada ya hapo ndipo ningegawa vihesabio.